Mtaro wetu wa Mwanga, Kigoma: maganda ya mise, sufi ya mito na madumu ya maganda ya matunda. Kipi kinasafisha kweli?

Mzee wa Kiroba (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke tu.

Mwezi uliopita jamaa alitupia klipu kwenye grupu la mtaa. Watu wa huko Asia wamejipanga kando ya mto, kila mmoja na dumu lake, wanamimina maji ya kahawia mtoni na kupiga makofi. Maelezo chini yake: maganda ya matunda, sukari na maji, vundika miezi mitatu, mimina, mto unatakata. Grupu likawaka. Hazikupita siku mbili vijana wakawa wanazunguka soko la Mwanga kuomba maganda ya nanasi.

Mtaro wenyewe ni ule unaoshuka kuelekea ziwani, wa hapa Kigoma wataujua. Juu kuna gereji na waosha bodaboda. Katikati akina mama wanachemsha chikichi na kukamua mawese. Chini nyumba za watu, halafu ziwa. Ukisimama kwenye kidaraja alfajiri kabla watu hawajaanza kumwaga, unaona utando wa oili wenye rangi rangi juu, chini yake maji ya kijivu, na chini kabisa tope jeusi linalotoa povu moja moja kama uji mzito ukitokota.

Mimi nauza vipuri, si mtaalamu. Ila kabla ya hiyo klipu, mimi na wenzangu wanne tulishaanza kitu kingine. Yale maganda magumu ya mise, yaani mbegu za chikichi, akina mama wakishagonga kwa jiwe na kutoa kokwa, tuliyachoma kwenye pipa tukalifunika mpaka yakawa mkaa, tukaponda kwenye kinu, tukachekecha vumbi likatoka. Tukashona viroba kwa nyavu chakavu za dagaa maana matundu yake ni madogo, mkaa hautoki. Tukazamisha mtaroni.

Kiroba cha kwanza kiliondoka na mvua usiku wa pili. Sijui kiko wapi, labda Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo. Cha pili kilikaa, lakini kufika siku ya nne kilikuwa kimeziba kwa tope na maji yanapita juu yake yanacheka. Cha tatu tulitumia akili kidogo. Juu yake tulipanga mawe yapunguze kasi na tope litue, kisha tukaweka sufi ya mito miwili chakavu ndani ya wavu, ndipo kikafuata kiroba cha mkaa. Baada ya siku tisa tuliivuta ile sufi. Wakuu, iliingia nyeupe, ikatoka nyeusi na nzito kama mbwa aliyelowa, na ukiikamua ilitoka oili, maji kidogo sana. Ule utando wa rangi pale chini ulikuwa umepungua kwa macho. Maji yenyewe yalibaki ya kijivu, sitawadanganya.

Maswali yangu mawili. Wale wa madumu wana hoja? Na kiroba kikishajaa, kinakwenda wapi?

Mtoto wa Ujiji

Yaani mto wa kulalia umeuzamisha mtaroni mkuu, nyumbani unalalia nini?

Kapteni Mstaafu

Mnajisumbua. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, ni la pili kwa kina duniani. Hayo maji ya mtaro ni tone. Limewameza Wajerumani na meli zao litashindwa na povu la Omo?

Mvuvi wa Kibirizi

Kapteni shikamoo. Kina hicho ndicho kinachoniogopesha. Samaki hawaishi huko chini kabisa, hakuna hewa, maisha yote yako tabaka la juu na pembezoni. Na hili ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Maji mengi yanaondoka kwa kukauka na jua, na oili haikauki na jua. Sisi tunaona ghubani pale, asubuhi ikiwa shwari unapiga kasia ndani ya utando. Tangu ziwa lilipopanda miaka hii ndiyo mbaya zaidi, midomo ya mitaro imemezwa, maji machafu hayaendi mbele, yanasimama palepale watu wanapochotea.

Na meli ya Wajerumani haikumezwa, waliizamisha wenyewe ikaopolewa. Hadi leo tunaiita Liemba, na wewe unajua.

Kapteni Mstaafu

Marahaba. Hilo la Liemba nilikuwa nawapima tu.

Bwana Maabara

Mzee wa Kiroba, nimefanya kazi ya kupima maji miaka kadhaa, naomba nijibu la kwanza kwa kirefu kidogo.

Ile dawa ya kwenye klipu watu huitengeneza kwa vipimo vya sukari moja, maganda matatu, maji kumi. Ukivundika unapata nini? Siki. Siki yenye sukari iliyobaki, vijidudu na majimaji ya matunda. Kwa kusugulia sakafu au sinki ni nzuri, sina ugomvi nayo. Sasa jiulize mtaro wenu unaumwa nini. Tope jeusi, povu, harufu ya mayai viza: hiyo ni oksijeni imeisha. Vijidudu vinakula uchafu na vinapokula vinavuta oksijeni iliyo majini, ikiisha vinaingia vile visivyohitaji hewa na ndivyo vinavyonuka. Ukimwaga siki yenye sukari humo umewaongezea chakula. Ni kumtibu mwenye kuvimbiwa kwa kumpakulia sahani ya pili.

Kuna kipimo kinaitwa BOD, kinaonyesha oksijeni itakayoliwa katika kila lita ya maji. Kiwango cha Tanzania kwa majitaka yanayoachiwa kwenda mtoni au ziwani ni miligramu 30 kwa lita. Majitaka ya viwanda vya mawese kule Malaysia hufika kama 25,000 kabla hayajasafishwa. Maji ya matunda na sukari yaliyovunda yako upande wa hayo mawese, hayako karibu na 30.

Wenzetu wa Penang, huko huko Malaysia, mwaka 2009 walirusha mitoni na baharini zaidi ya madonge milioni moja ya udongo yaliyochanganywa na pumba na vijidudu, siku moja. Picha zilipendeza. Lakini donge likishatupwa halirudi, na pumba ni chakula vilevile.

Tofauti ya kiroba chako ni kamba, mzee. Unaweza kukivuta. Sufi yako ilitoka nyeusi, maana yake ule weusi hauko tena mtaroni. Kwenye dumu hakuna kinachotoka, kila kitu kinaingia. Mimi hata bila vipimo ningeanza na swali hilo kwa kila dawa ya mto nitakayoletewa: mwisho wa siku unatoa nini mkononi?

Ila usijipe moyo sana na mkaa wa pipa. Mkaa amilifu wa kiwandani, na viwanda vinautengeneza kweli kwa vifuu vya nazi na hayo maganda ya mise, unapikwa kwa mvuke kwenye nyuzi joto 800 na zaidi mpaka unakuwa na vitundu ndani visivyoonekana kwa macho. Gramu moja inaweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 500 hadi 1,500, yaani gramu kumi za mkaa mzuri ni kama uwanja wa mpira. Pipa lako halifiki huko. Utanasa rangi kidogo, harufu, sehemu ya oili. Povu la sabuni na kinyesi litakupita.

Binti Simbo

Nimesoma comments zote nikiwa na uji jikoni, umeungua. Endeleeni.

Mama Sabuni

Wanangu hamjambo. Naona akina mama wa mawese tumeshatajwa, haya na sisi tuseme.

Ni kweli maji yetu ni machafu. Ukishachemsha chikichi, ukakamua, ukaengua mafuta, sufuria linabaki na maji mazito ya kahawia yana makapi na mafuta kwa mbali. Wengi wanamwaga pale pale yakiwa ya moto, yanakwenda. Mimi simwagi. Nina shimo nimelijengea tofali, kama la ndoo sita hivi. Nayaacha yalale. Asubuhi mafuta yameganda juu kama krimu, nakomba kwa kibakuli, naweka kwenye debe. Debe likijaa napika sabuni. Yale makapi ya chini nayachota na koleo, yanakwenda kwenye migomba. Maji yanayobaki ndiyo yanatoka, na hayana mafuta ya kuonekana.

Nimewafundisha majirani wawili. Mmoja alichimba. Mwingine aliniambia mimi nina kiwanja changu, yeye amepanga, mwenye nyumba hataki shimo. Nikanyamaza, maana ni kweli.

Na jingine. Mnasema maganda ya mise ni taka. Taka ya nani? Mimi nawasha jiko kwa hayo, na mwenzangu anauza kwa wachoma matofali. Kigoma hii hakuna taka mwanangu, kuna kitu ambacho mwenyewe hajakifuata bado. Mkianza kujaza mitaro kwa maganda ya mise, mjue kuna jiko litahamia kwenye kuni za msituni.

Mzee wa Kiroba

Shikamoo mama. Hilo la mwisho limenikalisha chini. Tulichukua kwa ndugu yake mwenzetu, hatukuuliza yalikuwa ya nini.

Naomba nije nilione hilo shimo.

Mama Sabuni

Marahaba. Njoo asubuhi kabla sijakomba, ndiyo utaona. Na uje na debe.

Kinyozi wa Gungu

Wakuu mimi nina mali ya bure. Nywele. Najaza kiroba cha kilo 50 kwa muda si mrefu, na kukitupa nalipia.

Mmewahi kusikia ile meli ya Wakashio iliyokwama Mauritius Julai 2020? Ilimwaga kama tani elfu moja za mafuta kwenye matumbawe. Watu hawakusubiri, walishona maboya marefu ya kitambaa wakajaza majani makavu ya miwa kutoka mashambani, chupa tupu za kuelea, na watu wakanyoa nywele wakachangia. Nywele haipendi maji, inapenda mafuta, ndiyo maana usipooga kichwa kinateleza.

Angalizo kutoka kwa mtu wa kazi: chukueni kwa vinyozi tu. Saluni za kina dada nusu ya kinachofagiliwa ni rasta na wigi, hiyo ni plastiki tupu, mtaongeza tatizo ziwani.

Mtoto wa Ujiji

Kwa hiyo kipara changu ni mchango kwa mazingira. Mke wangu asome hapa.

Fundi Bomba Tabora

Salamu kutoka Tabora wakuu. Huku shida yetu ni tope la masika. Bibi yangu alikuwa na mlonge nyuma ya nyumba, mbegu zake tunazitumia kwenye ndoo. Unamenya mbegu kama ishirini kwa ndoo ya lita 20 iliyochafuka kweli, unatwanga, unakoroga kwenye kikombe cha maji safi, unachuja kwa kitambaa, unamimina. Koroga haraka dakika moja, kisha pole pole kama kumi, halafu acha kabisa usiguse. Ukirudi baada ya saa moja au mbili tope lote liko chini limeshikana kama maziwa ya mgando. Ndani ya mbegu kuna protini yenye chaji inayovuta chembe za tope, zinashikana, zinazama. Inafanya kazi ya shabu, ile ya kutulizia tope la maji. Akina mama wa Sudan walikuwa wakisafishia maji ya Nile kwa mbegu hizo hizo, na Malawi, kule Thyolo, ilishajaribiwa kwenye mtambo wa maji kabisa. Na uzuri, hata ukikamua mafuta ya mbegu kwanza, dawa inabaki kwenye mashudu. Yaani unauza mafuta, taka inasafisha maji.

Mnaonaje mkiweka mashudu kwenye mtaro?

Bwana Maabara

Fundi, ya ndoo nakuunga mkono, ukichemsha baadaye maana haiui vijidudu vyote, na usilaze maji hayo zaidi ya siku moja, yanaanza kunuka. Ya mtaroni hapana. Mlonge unahitaji maji yatulie. Mtaro unatembea, hilo tope litakwenda kutua mbele ya nyumba ya mtu mwingine. Na mashudu ni chakula, tumerudi kwenye dumu.

Mfano mzuri zaidi wa taka inayosafisha maji nchini kwetu uko Arusha, Ngurdoto, ile stesheni ya kuondoa floridi, madini ya majini yanayoharibu meno yakizidi. Wanachoma mifupa ya ng'ombe mpaka inakuwa mkaa wa mifupa, maji yanapita, floridi inabaki kwenye mfupa. Tazama lakini inavyotumika: chombo kimoja, maji yanayojulikana, uchafu mmoja unaojulikana, na mfupa ukichoka unabadilishwa. Hawakumwaga mifupa mtoni.

Binti Simbo

Na matete je? Chuoni tulifundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitafiti vitanda vya kokoto na matete vya kusafishia majitaka tangu miaka ya 1990. Kwenye maungio ya mtaro na ziwa pale si tungepanda?

Mvuvi wa Kibirizi

Dada pale matete yalikuwepo. Yalikatwa ya kuezekea, mengine ya kupisha vibanda, pamoja na kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe. Tukiacha tu kukata, yataota yenyewe, hayahitaji mradi.

Bwana Maabara

Nakazia. Kwa povu na kinyesi, matete yana nafasi kuliko mkaa. Ila yanataka eneo na maji yapite taratibu, mtaro wa mjini wenye ukuta wa zege hauna hiyo nafasi.

Mzee wa Kiroba (mrejesho)

Wakuu, wiki tatu zimepita, nirudishe mrejesho kama mlivyoomba.

Kwanza vijana wa madumu. Sikubishana nao kwenye grupu. Nilichota ndoo mbili za maji ya mtaro, nikaziweka nyuma ya duka kivulini. Moja tukaimwagia vikombe viwili vya dawa ya mwenzao mmoja aliyevundika tangu mwaka jana. Nyingine tukaiacha. Jioni zilifanana. Kesho yake asubuhi nilifungua zote mbili mbele yao. Ya bila dawa ilinuka mtaro. Ya dawa ilikuwa nyeusi zaidi, na yule kijana aliyekuja na klipu alirudi nyuma hatua mbili akaziba pua na fulana. Najua ndoo si maabara. Wameamua madumu yao ni ya kusafishia vyoo, na mmoja anauza.

Pili, nilikwenda kwa Mama Sabuni na debe. Lile shimo ni kitu cha kuonyeshwa, maelezo hayatoshi. Alikomba krimu ya njano ya kujaza bakuli mbili kutoka kwenye maji ambayo mimi ningesema hayana kitu. Nikajiona mjinga, mimi nakaa chini mtaroni na mto wa kulalia nakinga oili ambayo juu kule iko mahali pamoja, haijachanganyika na chochote.

Basi tukapanda juu. Gereji moja, fundi wake ni mtu muelewa, tumemchimbia kisanduku cha tofali pale maji ya kuoshea injini yanapotokea, mawe kidogo, halafu wavu wenye nywele za Kinyozi wa Gungu. Sufi tumeacha, ni ghali na nywele zinashika vizuri tu. Oili chafu yenyewe alikuwa anaimwaga chini, sasa anaiweka kwenye dumu. Anabadilisha nywele kila Jumamosi. Gereji ya pili walitufukuza, wakasema tuna barua ya nani. Hatukuwa na barua. Kwa hiyo ule utando wa rangi bado upo, ila sasa tunajua unatoka mlango upi.

Mkaa wa mise tumesimamisha. Kama kuna atakayeuendeleza, auweke mwisho, baada ya tope na oili kuondolewa, la sivyo ni kuupoteza. Na alipie maganda.

Mtoto wa Ujiji

Umetisha mzee. Nimecheka humu lakini Jumamosi nakuja na koleo.

Fundi Bomba Tabora

Swali lako la pili halijajibiwa. Hizo nywele zikijaa oili zinakwenda wapi?

Kinyozi wa Gungu

Nilifikiri tanuri la matofali. Zinawaka vizuri sana.

Bwana Maabara

Zinawaka, ndiyo. Lakini oili ya injini iliyotumika ina vyuma vilivyosagika ndani, na karibu na gereji kuna maji ya betri yenye risasi. Ukichoma, moshi unakwenda kwa mtu. Mkiziweka na kwa Mama Sabuni, zile zitakazonasa mafuta ya mawese pelekeni kwenye mboji bila wasiwasi. Za gereji zisiende shambani hata kidogo, wala kwenye jiko. Kwa sasa wekeni kwenye pipa lenye mfuniko, sehemu isiyonyeshewa, na mwandike juu yake ni nini. Anayekusanya oili chafu ya magari aulizwe kama atachukua na hizo.

Mzee wa Kiroba

Nimemuuliza. Anataka oili, nywele hataki.

Pipa liko nyuma ya duka. Ndani kuna nywele za Jumamosi mbili, ile sufi ya mito, na kiroba cha tatu. Nimeandika kwa rangi nyekundu USIFUNGUE. Mama watoto ameuliza litakaa pale mpaka lini, nikamwambia nimeuliza watu, nasubiri jibu.